Tangu orodha ya alama iwekwe kwenye grupu, ofisini kwetu kila mtu na lake

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni afisa mipango miji katika halmashauri ya manispaa, mwaka wa saba huu kazini. Mkoa naomba usiutaje. Kitengo chetu tuko watano chumba kimoja, meza zimebanana kiasi kwamba mmoja akifungua droo mwingine lazima avute kiti.

Tulikuwa tunaishi vizuri. Michoro ya mtu anayeomba kibali cha ujenzi inapita kwa afisa ardhi, inakuja kwangu, inakwenda kwa mhandisi, inakwenda kwa afisa afya, ndipo kibali kinaandikwa. Mmoja akiwa saiti, mwingine anapokea jalada lake, anaongea na mteja, anasukuma mbele. Kaka wa meza ya pili, afisa ardhi wetu, aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi, ndiye aliyenifundisha kusoma ramani za upimaji nilipoajiriwa. Alikuwa ananiita mdogo wangu. Mama yangu alipolazwa alinishikia kazi wiki tatu nzima, na nilipotaka kumshukuru akasema nimletee karanga.

Fomu za OPRAS, ule mfumo wa wazi wa kupima utendaji wa watumishi, wakati huo tulikuwa tunazijaza siku mbili kabla ya kufunga mwaka wa fedha. Tunanakili za mwaka uliopita, tunabadilisha tarehe, bosi anasaini. Sisemi lilikuwa jambo zuri. Kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 tukaingia PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa kila mtumishi. Kila mtu na majukumu yake, kila jukumu limekatwa vipande, msimamizi anaidhinisha, unajaza umefikia wapi, alama inatoka. Mimi nilifurahi kuliko wote, maana sikai bure. Nikasema sasa itaonekana nani anafanya kazi.

Mwaka jana dada anayekaa kaunta alikwenda likizo ya uzazi. Nikaambiwa kwa mdomo, kwenye korido, "Mshikie mwenzako." Siku 84 nilikaa kaunta asubuhi na kurudi kwenye michoro yangu mchana. Kwenye mfumo hazikuingia hata siku moja, na majukumu yangu mwenyewe yakachelewa.

Julai mkuu wa kitengo akapiga picha orodha ya alama zetu, wa kwanza mpaka wa mwisho, akaiweka kwenye grupu la WhatsApp la ofisi. Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Wa kwanza akawekewa vikombe vitatu vya dhahabu, naye alikuwa kaka wa meza ya pili. Wa mwisho mimi. Nilikuwa kwenye daladala, Shangazi, nilishuka kituo kisicho changu.

Baadaye nikaja kujua kaka alivyogawa kazi zake: kupokea barua, kusoma barua, kuandaa majibu ya barua, kupeleka majibu yakasainiwe. Barua moja, kazi nne zimekamilika.

Basi tangu Julai ile hakuna anayegusa cha mwenzake. Septemba alikuja mzee mmoja kwa mara ya nne kuulizia kibali cha nyumba ya kijana wake. Anatoka mbali, anakuja na koti hata jua likiwa kali. Nikatafuta jalada lake, nikalikuta kwenye trei ya kaka, chini ya chupa ya chai, duara la chai limeshakauka juu ya jina. Lilikuwa limekosa nakala moja tu ya risiti, jambo la kumpigia mzee simu. Nikamuuliza kaka mbona hukumwambia mtu. Hakuinua hata macho. "Hilo halipo kwenye PEPMIS yangu."

Sasa niseme na langu. Kuna faili la Excel la kufuatilia majalada, linaonyesha liliingia lini, liko meza gani, limetoka lini. Nililitengeneza mimi mwaka wangu wa pili na ofisi nzima inalitumia. Nikaja kuliona limeambatishwa na kaka kama ushahidi wa kazi yake. Siku ileile nikaliwekea nenosiri. Mtu akiuliza jalada liko wapi namwambia subiri nitazame. Mara nyingine natazama. Mara nyingine nachelewa kutazama.

Nimefungua ukurasa wa uhamisho kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi, mara mbili, nikafunga. Kila ninachofanya nakipiga skrinshoti, simu imejaa. Nihame? Nimshitaki? Au na mimi nianze kukata barua moja vipande vinne?

Wa Mwisho Kwenye Orodha

---

Marahaba, mwanangu. Pole na safari ile ya daladala.

Tuanze na kilicho mikononi mwako. Kesho asubuhi, kabla hujatundika mkoba, ondoa nenosiri. Najua umelitengeneza wewe, najua na kilichokuuma. Lakini lile ni daftari la ofisi, lina majalada ya watu, na siku mambo haya yakifika mezani kwa mkurugenzi, kaka atakuwa na kosa la kujisifu kwa kazi ya mwenzake na wewe utakuwa na kosa la kuficha kumbukumbu za serikali. Fikiria lipi litaandikiwa barua kwanza. Na hapo sijasema habari ya mzee mwingine, ambaye siku uliyochelewa kutazama alikuwa amesimama kaunta na koti lake.

Kuna sababu nyingine ya kulifungua, nitaifikia.

Mimi nilianza kazi masijala, nikastaafu nikiwa afisa utumishi, kwa hiyo nimepimwa na nimepima. Enzi zetu ilikuwa taarifa ya siri. Bosi anakujazia, anafunga bahasha ya kahawia, inapanda juu, wewe huoni. Nilishawahi kutumwa na bahasha ambayo najua ndani yake nimo, nikaishikilia dirishani kwenye jua kujaribu kusoma. Nikaona kivuli cha saini, basi. Unakunywa chai na mtu miaka mitatu hujui amekuandika nini. OPRAS ilipoingia Julai 2004 tuliipokea kwa mikono miwili kwa sababu ya neno moja tu kwenye jina lake, "wazi". Mnakaa wawili, mnakubaliana malengo, mnapitia katikati ya mwaka, mnapimana mwisho. Mkibishana, kulikuwa na nafasi ya mtu wa tatu kuandika maoni yake. Na unajua sehemu ile ya sifa za mtumishi ilianza na kipengele gani? Mahusiano kazini: uwezo wa kufanya kazi na timu, kuelewana na wenzako, kuheshimika nao. Kipo kwenye fomu mlizokuwa mnanakili mkibadilisha tarehe. Sikusemi wewe peke yako, mimi mwenyewe nimepokea mafurushi ya fomu hizo Juni, zote mwandiko mmoja.

Ndiyo maana sitakubaliana nawe kwamba zamani mlikuwa mnaishi vizuri, nukta. Ulikuwa unaishi vizuri wewe na kaka. Katika ofisi nyingi nilizopita, huko kusaidiana kulimaanisha wawili wanafanya kazi ya watano, na mmoja wa wale watatu ndiye aliyepandishwa daraja kwa kuwa alijua kubeba faili la bosi. Serikali ilipotafuta mfumo unaoonyesha kila mtu amefanya nini haikukosea. Wewe mwenyewe ulifurahi.

Kilichowaharibia ni hiki. Kazi yenu ni ya mkono kwa mkono, na mmeiandika kana kwamba kila mtu analima shamba lake. Angalia jalada la yule mzee. Afisa ardhi alifanya sehemu yake, nadhani hata kwenye mfumo ipo asilimia mia. Wewe ungelipata ungelifanyia kazi. Kati ya meza yake na yako jalada likalala, kwa sababu kulitoa pale na kulifikisha hapa si jukumu la mtu. Hakuna aliyepungukiwa alama hata moja kwa zile safari nne za mzee.

Na hili halikuanza kwenu. Mwaka 1955 mwanasosholojia Peter Blau alichapisha utafiti alioufanya Marekani kwenye ofisi ya serikali ya kuwatafutia watu kazi. Maofisa walikuwa wanahesabiwa: umewaombea wangapi kazi, wamepata wangapi. Nafasi ya kazi ikitangazwa inaandikwa kwenye kadi, kadi inatakiwa kukaa mahali pa wote. Katika kundi moja watu wakaanza kuzificha kadi kila mtu amsubirie mteja wake. Katika kundi hilo mfichaji alipata alama nzuri kuliko asiyeficha. Lakini kundi la pili, ambalo watu wake waliendelea kupeana kadi, likawatafutia watu kazi vizuri zaidi kwa ujumla. Ukisoma kadi, soma nenosiri. Hesabu zilikusanywa kwa makundi yote mawili, ila msimamizi wa kundi la wafichaji ndiye aliyezitegemea sana anapowapima watu wake. Yule mwingine hakuzifanya kuwa kila kitu.

Kwa hiyo mimi kidole changu kinamwelekea mkuu wa kitengo kabla ya kumwelekea kaka. "Wazi" ile ya tangu 2004 ni kati yako na anayekupima. Ubao wa matangazo haumo, na grupu la WhatsApp la Ijumaa jioni halimo. Siku aliyopanga watu watano kwa mstari aliwaambia kwamba kupanda kwa mmoja ni kushuka kwa mwingine, na watu si wajinga, wamemsikia. Pamoja na hayo usimfanye shetani. Yeye naye ana anayempima, na halmashauri nzima ina mfumo wake wa kupimwa kama taasisi, PIPMIS. Huenda alitumiwa picha ya namna hiyo na bosi wake akaona ndiyo staili.

Na kaka? Umesema amekutangulia miaka mingi. Basi nadhani alikuwa kazini 2016, ulipokuja uhakiki wa watumishi hewa na vyeti, na madaraja yakasimama. Mpaka yalipoanza kutembea tena, wengi walikuwa wamekaa miaka kwenye mshahara uleule, watoto wamemaliza shule ya msingi na kuingia sekondari. Mtu aliyesubiri namna hiyo, ukimwambia kwamba sasa kupanda kunategemea namba, atakata barua vipande vinne. Angepata nafasi angekata hata bahasha. Simtetei kwa lile faili lako, kujisifu kwa jasho la mwenzako ni wizi hata kama hakuna kilichopotea. Nasema tu kwamba mtu aliyekushikia kazi wiki tatu hakugeuka kuwa mwingine kwa mwezi mmoja. Ameogopa.

Sitakuambia kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, mmeshaambiwa kwenye kila semina. Fanya hivi.

Fungua lile faili, na sasa nakupa sababu ya pili. Tarehe zote zimo humo. Chagua majalada 10 yaliyochelewa zaidi mwaka huu, usichague ya kaka tu. Kwa kila moja hesabu siku lilizokuwa linafanyiwa kazi na siku lilizokuwa linasubiri kati ya meza na meza. Sitashangaa siku za kusubiri zikiwa nyingi kuliko za kazi, masijala nilikuwa naliona kila wiki. Iandike kwenye karatasi moja isiyo na jina la mtu, majina ya meza yanatosha.

Halafu tafuta Mkataba wa Huduma kwa Mteja wa halmashauri yenu. Upo, inawezekana umetundikwa pale pale kaunta ulipokaa siku 84 na vumbi limeushika. Humo ofisi imewaahidi wananchi muda wa huduma, na ahadi ile haijataja meza ya mtu, ni ya ofisi nzima.

Nenda navyo viwili hivyo kwa mkuu wa kitengo, asubuhi, mkiwa wawili. Usianze na alama zako. Mwambie, "Bosi, naomba dakika kumi, kuna kitu kinatuchelewesha vibali nimekiona." Mpe karatasi, nyamaza aisome. Ndipo umwombe mambo mawili. La kwanza, mwaka wa fedha ujao unapoanza Julai, kila mmoja wenu watano awe na jukumu moja linalofanana neno kwa neno: kibali kutoka ndani ya muda wa Mkataba. Kikichelewa, mmepungukiwa wote. Utaona jinsi chupa ya chai itakavyohama juu ya majalada. La pili, anayemshikia mwenzake likizo au safari aandikiwe kwenye mfumo siku anayoanza. Maagizo ya korido hayajazwi popote. Hata sasa mtu akikuambia "mshikie", jibu "sawa bosi", kisha mwandikie ujumbe siku ileile: "Kama ulivyoniagiza, kuanzia leo nakaa kaunta, naomba jukumu hili liingie kwangu." Huo si ukorofi. Afisa utumishi yeyote mwenye akili atakushukuru.

Na orodha ya kwenye grupu? Iseme mwisho, ukiwa umesimama unaondoka, kwa upole: "Bosi, ile orodha ilituumiza, naomba mwaka huu kila mtu aelezwe yake." Wakubwa wengi husikia zaidi jambo la mlangoni kuliko la kwenye kiti. Akikataa, kuna mwakilishi wenu kwenye baraza la wafanyakazi na kuna tawi la TALGWU, chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Lifike kule kama suala la utaratibu wa ofisi nzima, jina lako lisiwe juu yake.

Zile siku 84 za mwaka jana zidai, ila kwa maandishi na kwa kiasi. Barua ya nusu ukurasa kwa msimamizi wako, nakala kwa afisa utumishi, ukieleza ulikaa kaunta tangu lini mpaka lini na kwa maagizo ya nani. Huenda alama isibadilike. Ikiwa kwenye jalada lako binafsi, siku wanapokaa kujadili majina itasomwa. Skrinshoti nyingine zote futa, mwanangu. Mtu anayepiga picha kila anachofanya ameshaanza kuishi mahakamani.

Kwa kaka nenda mwenyewe, bila shahidi, na usiende mikono mitupu. Nunua karanga. Mwambie ukweli wako mfupi: "Kaka, lile faili nililitengeneza mimi, nimeliona kwenye ripoti yako, limeniuma. Na mimi nimelifungia, nimekosea, leo nimelifungua." Usimtajie barua nne, usimtajie vikombe. Anaweza kukuomba radhi, anaweza kukwambia uache mambo ya kitoto. Akikujibu hivyo mwachie karanga zake mezani urudi kwenye kiti chako. Wengine huhitaji wiki mbili kuona aibu, na wapo ambao hawaioni kabisa, hao fanya nao kazi kwa jalada na tarehe.

Uhamisho usiuombe kwa hasira. Huko unakokwenda mfumo ni huohuo, kinachotofautiana ni nani anashika orodha. Karatasi yako ikipokelewa, ikafika Septemba bado majalada yanalala na picha za alama bado zinatumwa, fungua ule ukurasa mara ya tatu na safari hiyo usiufunge.

Kukata barua vipande vinne sikukatazi kwa sababu ya dhambi. Sikushauri kwa sababu wewe huna kipaji hicho, kaka atakushinda.

Na hukuniambia yule mzee alipata kibali au la. Namba yake imo kwenye jalada, mpigie.

Shangazi